Mwaka mzima na programu ya walimu: kalenda imenifaa kuliko mafaili

Kwa mwaka mzima wa masomo nimetumia programu ya simu inayowakusanyia walimu na wanafunzi mambo matatu mahali pamoja: habari za elimu, nyenzo za kufundishia, na kalenda ya matukio ambayo shule yoyote inaweza kushiriki. Jina lake silitaji. Nina malalamiko ambayo nimekwisha kuwaandikia wahusika, na baadhi wameyarekebisha, kwa hiyo sioni sababu ya kumharibia mtu kazi. Ninachotaka ni kumsaidia mwalimu mwenzangu anayefikiria kujiunga na huduma ya aina hii, iwe hii au nyingine, ajue aanzie wapi. Nikibanwa nitoe nyota, natoa nne kati ya tano, na karibu zote ni za kalenda.

Mimi nilijiunga kwa ajili ya nyenzo. Nafundisha hisabati na sayansi, wanafunzi ni wengi, na jioni nikishamaliza kusahihisha madaftari sibaki na nguvu ya kutunga zoezi jipya. Niliposoma kwamba humo mna maelfu ya maandalio ya somo, mitihani ya majaribio na michoro ya kupakua, niliona mzigo umetuliwa. Wiki ya kwanza nilipakua mafaili zaidi ya sitini mpaka simu ikalalamika kwamba imejaa. Kati ya hayo, yaliyoingia darasani hadi leo hayafiki kumi.

Si kwamba yote ni mabaya. Mengi yameandikwa na mtu anayeijua mada yake vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba hayasemi yanamlenga nani. Andalio la somo la msuguano linadai kila kikundi kiwe na mizani yake ya dijitali, na jambo hilo unalikuta ukurasa wa tatu, ukiwa umeshawaahidi wanafunzi jaribio. Zoezi la hisabati la sehemu (nusu, robo na kadhalika) limechorwa vizuri, ila jibu la swali la 4 si sahihi, na hapana pa kumwarifu aliyeliandika kwa sababu hana jina. Siku hizi kabla ya kupakua naangalia mambo matatu tu: mwanafunzi awe anajua nini kabla ya kuanza, vifaa gani vinahitajika, na je, faili lina mwenyewe? Kisha nafanya maswali yote kwa mkono wangu. Usimpe mwanafunzi zoezi ambalo wewe hujalifanya.

Humo humo, hata hivyo, ndimo nilimokutana na PhET, na kwa hilo nashukuru kwa moyo wote. Ni majaribio ya kuigiza ya sayansi na hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni bure, na mengi unaweza kuyapakua ukayatumia pasipo intaneti, jambo ambalo kwangu lina uzito. Nilianza na lile la saketi za umeme. Mwanafunzi anavuta betri, waya na balbu, anaunganisha, halafu anaona elektroni zikitembea ndani ya waya. Akiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, moto unalipuka kwenye skrini na hakuna aliyeungua.

Kila mwaka wanafunzi wangu huja na imani kwamba balbu "inakula" mkondo, yaani umeme unaingia mwingi na kutoka mchache. Nimelieleza jambo hilo ubaoni mara nyingi, wakaitikia, kisha kwenye mtihani wakaandika yale yale ya mwanzo. Safari hii nikawaambia watazame elektroni kabla ya balbu na baada ya balbu, wanionyeshe ni wapi zinapungua. Walitafuta kwa muda mrefu. Binti mmoja akaweka amita, kifaa cha kupimia mkondo, pande zote mbili, akasoma namba ileile, akanitazama kama mtu aliyedanganywa miaka mingi. Kesho yake nikawapa waya na betri halisi, maana skrini pekee haimfundishi mtoto kwamba waya uliolegea unaweza kukupotezea nusu saa.

Sehemu ya habari naipita haraka kwa sababu nami nimejizoeza kuipita haraka. Arifa ni nyingi mno, na vichwa vya habari havionyeshi tarehe mpaka ufungue. Niliwahi kuwatangazia wanafunzi badiliko katika muundo wa mtihani, wakarudi nyumbani na wasiwasi, na jioni nikagundua kwamba habari ile ilikuwa ya miaka miwili iliyopita. Niliwaomba radhi asubuhi yake mbele ya darasa zima. Tangu hapo nimezima arifa zote isipokuwa za matukio, na jambo lolote linalohusu mitihani nalithibitisha kwa mamlaka yenye mitihani hiyo kabla ya kufungua mdomo.

Sasa kalenda. Katika mwezi wa tatu niliona tangazo la kupima ukubwa wa dunia kwa kivuli cha fimbo, tarehe 20 Machi, siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana. Kazi hii ina zaidi ya miaka 2,200. Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki wa kale na msimamizi wa maktaba ya Aleksandria kule Misri, alikuwa na habari kwamba kule Syene, Aswan ya leo, siku moja katika mwaka jua la adhuhuri hufika utosini kabisa, na mwanga wake ukaingia hadi chini kisimani. Aleksandria siku hiyohiyo kivuli kilikuwapo, na pembe yake ilikuwa sehemu moja ya hamsini ya duara, yaani nyuzi 7.2. Umbali kati ya miji hiyo ulikadiriwa kuwa stadia 5,000, stadia ikiwa kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale. Zidisha mara 50, unapata mzingo wa dunia: stadia 250,000. Mtu alikaa na fimbo na akili yake, akaipima dunia nzima.

Programu inakuunganisha na shule nyingine iliyo mbali kaskazini au kusini mwako. Kila shule inapima pembe ya jua adhuhuri kwake, mnabadilishana majibu, mnapiga hesabu. Niliandikisha darasa. Hapa nitoe tahadhari moja: fomu inaomba majina kamili ya wanafunzi na tarehe zao za kuzaliwa. Sikuyajaza. Niliandika "darasa, wanafunzi 52" na ikakubali. Taarifa za watoto si zetu za kugawa, na tukio la kupima kivuli halizihitaji hata kidogo.

Kisha ikaja shida ya saa. Programu ina toleo la Kiswahili, na aliyelitafsiri aliandika "pimeni saa 12:00". Wanafunzi wawili waliolisoma tangazo wenyewe wakanijia: "Mwalimu, tutapimaje kivuli saa kumi na mbili na jua linazama?" Nilifurahi sana kwamba waliliona, maana wangeweza kunyamaza wakaamini kilichoandikwa. Niliwaandikia wenye programu kwamba kwa Kiswahili adhuhuri ni saa 6 mchana, na kabla ya wiki kuisha wakarekebisha.

Lakini hata saa 6 kamili si sahihi, na hili ndilo ningependa kila mwalimu atakayefanya zoezi hili alijue. Jua halifuati saa ya ukutani. Kila nyuzi moja ya longitudo kutoka kwenye mstari unaotumika kupanga saa za eneo lenu inasogeza adhuhuri ya kweli kwa dakika 4, na katika siku hizo za Machi jua lenyewe huchelewa kwa dakika kama 7 ukililinganisha na saa. Shule iliyo mbali na mstari huo inaweza kukosea kwa nusu saa nzima. Dawa yake ni rahisi: anza mapema, pima kila baada ya dakika 5, na uchukue kivuli kifupi kuliko vyote. Hicho ndicho cha adhuhuri, saa iseme isemavyo.

Tulisimika fimbo ya mita moja saa 5 na nusu. Uzi uliofungwa jiwe ulituhakikishia kwamba imesimama wima. Kikundi kimoja kinatia alama ardhini, kingine kinasoma rula, cha tatu kinaandika. Dakika ishirini za kwanza zilikuwa za furaha, zilizofuata zilikuwa za kuchosha, jua likiwa kali na kivuli kikipungua kwa milimita chache tu. Nilianza kuogopa kwamba nitawapoteza. Ndipo kijana mmoja ambaye darasani haongei mpaka umtaje jina akapiga kelele: "Kimeanza kurudi!" Kweli, alama mpya ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia. Walijisukuma wote kuja kuona, na nusura waiangushe fimbo.

Tukagawanya urefu wa kivuli kwa urefu wa fimbo, tukatafuta pembe yenye tanjenti hiyo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao jedwali la tanjenti lilikuwa na jambo la kuwaambia. Jioni majibu ya wenzetu yakafika. Vivuli vyetu vilielekea upande mmoja, na tofauti ya pembe ilikuwa nyuzi 7.6. Kwenye ramani, umbali wa kaskazini hadi kusini kati yetu ni kilomita 860. Zidisha 860 kwa 360, gawanya kwa 7.6: kilomita 40,737. Mzingo wa dunia kupitia ncha zake ni kilomita kama 40,008. Tumekosea kwa chini ya asilimia 2, kwa fimbo, uzi na jiwe.

Na hapo ndipo somo lenyewe lilipoanza, kwa sababu waliuliza hizo kilomita 700 na kitu zimetoka wapi. Mmoja akasema ardhi yetu ina mteremko. Mwingine akasema umbali tumeusoma kwa rula kwenye ramani ndogo. Nikawaonyesha jingine: jua si nukta. Angani lina upana wa karibu nusu nyuzi, kwa hiyo ncha ya kivuli haina ukingo mkali, na watu wawili wakiitazama kila mmoja ataweka alama mahali pake. Tulirudi kwenye daftari la vipimo tukakuta kwamba kweli kikundi kilipobadilisha mtu wa kutia alama, namba ziliruka. Nimefundisha mada ya makosa ya vipimo kwa miaka mingi bila kupata mfano unaolingana na huu.

Tofauti ya jambo hili na yale mafaili sitini ni tarehe, na mtu wa upande wa pili anayesubiri. Zoezi lililo kwenye simu linaweza kungoja hadi kesho, na kesho hiyo haifiki. Kivuli cha tarehe 20 hakingoji, na darasa lisilopima linawaangusha wenzao walio mbali. Wanafunzi walilielewa hilo kabla yangu. Wawili waliokuwa na homa wiki ile walimtuma ndugu yao kuuliza kama fimbo imeshapatikana.

Matukio mengine yalikuwa madogo. Siku ya Kimataifa ya Hisabati, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2019, huangukia tarehe 14 Machi kwa ajili ya pai, ile namba ya duara ambayo ni takribani 3.14, na wanafunzi wangu walikwama papo hapo: sisi tunaandika 14/3, sasa 3.14 iko wapi? Nikawaeleza kwamba wapo wanaotanguliza mwezi. Mmoja akauliza kama basi siku yetu si 22/7, tarehe 22 Julai. Tukakokotoa: 22/7 inaizidi pai kwa takribani 0.0013, ilhali 3.14 inapungua kwa takribani 0.0016. Yetu iko karibu zaidi! Walishangilia kama waliofunga goli.

Kilichonikera ni kutoiona Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, katika kalenda ya programu yenye toleo la Kiswahili. UNESCO iliipitisha mwaka 2021, na ndiyo lugha ya kwanza ya Afrika kupewa heshima hiyo. Sikuandika mimi. Niliwaachia wanafunzi waandike barua, nikasahihisha tahajia tu. Baada ya wiki tatu siku hiyo ikaongezwa, na barua ile sasa imebandikwa ukutani darasani.

Kwa mwalimu anayejiunga leo, ningesema afungue kalenda kwanza, achague tukio moja tu kwa muhula, alitangaze darasani wiki tatu kabla, kisha ndipo atafute nyenzo za kulihudumia tukio hilo. Mimi nilianza kinyume chake nikapoteza muhula mzima.

Mwezi wa tisa, tarehe 22 au 23, mchana na usiku vitakaribiana tena. Tumekwisha kujiandikisha na shule ileile. Safari hii atakayetia alama ni mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, wamempigia kura, na ni yule kijana asiyeongea. Wenzetu wameandika kwamba wao wamepata fimbo ya mita mbili.