Upasuaji wa kupunguza uzito kwa sisi wa Mbeya: operesheni nyota 5, ufuatiliaji nyota 2

Naona watu wengi huku kwetu wanaulizia hii operesheni ya kupunguza tumbo, wengine wameshaanza mpaka kuchangishana hela kwenye ukoo, basi ngoja niseme maana mi nimefanyiwa, hospitali iko Dar ila jina sitaji. Operesheni yenyewe nawapa 5, sina neno. Huduma ya baada ya hapo nawapa 2, na hiyo 2 ni ya nesi mmoja aliyekuwa anapokea simu zangu hata usiku, Mungu ambariki sana yule dada.

Mi nilifanyiwa slivu, yaani wanatoa kama asilimia 75 mpaka 80 ya mfuko wa chakula, unabaki mwembamba umbo la ndizi, na kilichotolewa ndo kimetoka hakirudi. Daktari alinichorea kwenye karatasi akakataa nisisaini siku hiyo hiyo, akasema nenda kaongee na mume wako kwanza, hapo ndo nilimwamini. Kuna na baipasi, hiyo wanakutengenezea kifuko kidogo cha kama mililita 30 wanakiunga na utumbo. Afu kuna puto, lile si upasuaji, linapitishwa mdomoni kwa mpira mpaka ndani ya mfuko wa chakula na mara nyingi linatolewa baada ya miezi 6, hospitali ya Mloganzila kule Dar wanafanya. Haya ni mambo matatu tofauti jamani, mtu akikwambia "nilifanya nikapungua" muulize alifanya lipi.

Na si kila mwenye kitambi anafanyiwa. Wanaangalia BMI, yaani uzito wako ukilinganishwa na urefu wako, zamani ilikuwa 40 kwenda juu au 35 kama una sukari, presha na mengine kama hayo, mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu wakashusha mpaka 35 hata kama huna ugonjwa. Ukifika sehemu wanakutajia bei kabla hujapanda mzani, ondoka.

Sasa lalamiko langu. Siku ya kuruhusiwa nikapewa karatasi ya chakula, imeandikwa brokoli, samaki wa salmoni, mtindi wa Kigiriki, mi nakaa Uyole salmoni naitoa wapi? Hakuna aliyekaa na mimi kuniambia kwa vyakula vyetu nafanyaje, mpaka yule nesi kwenye simu ndo akanipanga: mwanzo vya maji tu, supu ya kuku iliyochujwa na maziwa, baadaye vya kusagwa kama maharage yaliyotolewa maganda, mayai laini, samaki aliyepondwa, ugali ukasubiri sana maana ulikuwa unanikwama kifuani. Protini ndo ya kwanza kwenye sahani, gramu 60 mpaka 80 kwa siku, na kwa tumbo dogo hiyo ni kazi. Nilikuwa napima chakula kwa kikombe cha kahawa, vile vidogo vya kijiweni, nakula kijiko cha chai kimoja nasubiri, kingine nasubiri, kikombe hakiishi nimeshashiba. Na maji hayanywewi pamoja na chakula, unaacha kama nusu saa.

Safari nayo. Mbeya na Dar ni zaidi ya kilomita 800, na mtu aliyetoka kwenye operesheni hii yuko kwenye hatari ya damu kuganda miguuni, donge likipanda kwenye mapafu linaweza kuua. Wakaniruhusu bila hata kuniuliza kwangu ni wapi na narudi na nini! Nesi ndo aliuliza. Nikabaki kwa shangazi Mbagala mpaka daktari alipokubali nisafiri, nikapanda ndege mpaka uwanja wa Songwe huku kwetu Mbeya, ghali ndio ila kukaa kwenye basi kutwa nzima na mshono wa juzi hapana. Kama huna budi kupanda basi mwambie daktari mapema akupe maelekezo, na gari likisimama shuka utembee.

Afu ulizeni hili kabla hamjalipa hata shilingi: nikipata shida niko Mbeya nani ananipokea? Mshono wa ndani ukivuja utaona homa, moyo unaenda mbio, tumbo linauma mpaka begani, pumzi inakata, hapo unaenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Na daktari utakayemkuta hajui ulikatwa nini, kwa hiyo dai ripoti ya operesheni, ipige picha ikae kwenye simu, na mtu wa nyumbani awe nayo.

Mwambie na muuza duka la dawa. Huku ukisema mgongo unauma unapewa diklofenaki chap, na hizo pamoja na ibuprofeni zinaleta vidonda, hasa kwa wa baipasi. Wenye sukari dozi lazima ipangwe upya mapema maana sukari inaweza kushuka haraka mno.

Vitamini ni za maisha, B12, madini ya chuma, kalsiamu, D, na kupima damu, kwa hiyo hiyo hela iwe kwenye bajeti ya kila mwezi. Ukitapika siku kadhaa mfululizo usikae nyumbani, upungufu wa vitamini B1 unaharibu mishipa ya fahamu. Nywele zitanyonyoka ile miezi ya mwanzo, zinarudi, ila ngozi iliyolegea yenyewe inabaki. Na dada zangu, mimba isubiri mwaka mpaka mwaka na nusu, mwili ukipungua uzazi unafunguka hata kwa aliyekaa miaka bila mtoto, na vidonge vya uzazi wa mpango kwa wa baipasi si vya kutegemea, ulizia njia nyingine.

Maneno ya watu pia yapo. Ukikonda haraka huku wanasema ana ule ugonjwa, msibani wanakuletea sahani imejaa, usipomaliza wananong'ona. Mi mume wangu alisimama akawaambia mama na mawifi mapema kwamba nimepasuliwa na nitakula kidogo, imenisaidia kuliko wanavyodhani wengi.

Nashauri mtu afanye? Ndio, kama anakidhi vigezo, presha yangu imetulia na napanda ngazi bila kuhema. Ila hospitali hii waweke kliniki ya simu kwa wagonjwa wa mikoani na karatasi ya chakula yenye maharage na dagaa, wakifanya hivyo naongeza nyota.