Diski ya mashine ya kurekodi ya raki: ukiwa Dodoma nunua ipi?

Kwaya moja ilitoka Mvumi kuja mjini kurekodi. Wimbo wa tatu ukiwa katikati, diski ikaanza kugonga: tik, tik, tik. Kazi ya asubuhi nzima ikapotea, na wale akina mama walikuwa wameacha palizi shambani. Tangu siku ile, diski siinunui kwa kuangalia bei peke yake.

Mashine za zamani za raki (za kufungwa kwenye fremu ya vyuma) za traki 24, yaani njia 24 za sauti, kama Alesis HD24 na Mackie HDR24/96, hutumia diski za IDE, zile za waya mpana wa pini 40. Diski hizo hazitengenezwi tena. Kasi isikutishe: traki 24 za biti 24 kwa kHz 48 zinahitaji megabaiti kama 3.5 kwa sekunde, yaani gigabaiti 12 na ushee kwa saa. Hata diski ya polepole inaliweza hilo. Kinachoua diski huku kwetu ni mambo mengine. Vumbi la kiangazi linaziba feni na joto linapanda ndani ya raki, umeme unakatika ghafla, na mashine inarushwarushwa kwenye gari kwenda Chamwino au Kongwa.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni SSD ndogo ya SATA (aina ya muunganisho iliyokuja baada ya IDE), GB 120 au 128, pamoja na adapta ya kuiunganisha na mashine ya IDE. Haina kinachozunguka, haina kelele, na maduka ya kompyuta mjini wanayo. GB 128 inakupa saa kama kumi. Usikimbilie kubwa zaidi kabla ya kusoma kitabu cha mashine yako, kwa sababu mashine nyingi za zamani haziuoni ukubwa unaozidi GB 137.

Hapo kwenye adapta ndipo wengi wanapoliwa hela. Kuna aina mbili zinazofanana kama mapacha. Moja ni ya kuchomeka diski ya IDE kwenye kompyuta ya SATA, hiyo siyo. Unataka ile inayochomeka diski ya SATA kwenye mashine ya IDE. Nyingine zinafanya kazi pande zote mbili, ila zina swichi au jampa (kifuniko kidogo cha kuunganisha pini) ya kuchagua. Nenda dukani na diski yako ya zamani, mwonyeshe muuzaji pini zake. Na jampa ya masta, ile inayoiambia mashine kuwa hiyo ndiyo diski kuu, iwekwe kama ilivyokuwa kwenye diski uliyotoa.

Namba mbili ni kadi ya CompactFlash, kadi ya kumbukumbu kama za kamera. Yenyewe inazungumza lugha ya IDE moja kwa moja, kwa hiyo adapta yake ni nyaya tu. Tafuta ya daraja la viwandani. Zile za kamera huchoka mapema. Huenda ukaiagiza Dar.

Namba tatu, diski mpya ya SATA ya inchi 3.5, ile inayozunguka, nayo kwa adapta, kama mashine yako inaukubali ukubwa wake, na kwa studio isiyohamishwa tu.

IDE za mtumba achana nazo, hata ukipewa bure.

Ukishafunga, fomati ndani ya mashine yenyewe, si kwenye laptopu, kisha weka UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika. Halafu rekodi traki zote 24 saa nzima bila kusimama na usikilize mwanzo hadi mwisho, kabla hujaita kwaya yoyote.