Kijiti cha TV na rimoti yake: miezi saba nyumbani kwangu Nsambya

Kijiti cha TV ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI (la picha na sauti) nyuma ya TV, ili utazame filamu na mpira kwa intaneti. Muuza duka pale mjini Kampala aliniapia: "Ni kuchomeka tu na kutazama, ndugu yangu." Kuchomeka nikachomeka. Kutazama ndiko kulikonitoa jasho.

Wiki ya kwanza kijiti kilijizima na kujiwasha chenyewe, na kilipenda kufanya hivyo mpira ukishanoga. Nikalaumu intaneti, nikanunua bando kubwa zaidi, hela ikaenda bure. Kumbe kosa ni langu. Ili kuokoa soketi nilikuwa nimekipa umeme wa tundu la USB nyuma ya TV. Tundu hilo kwenye TV nyingi hutoa nusu ampea tu, na chaja ya kijiti imeandikwa ampea 1. Nilipoirudisha chaja ukutani, mchezo ukaisha. Yangu ina pini bapa za Kimarekani, kwa hiyo niliinunulia adapta ya pini tatu. Wale wanaofungua soketi kwa kijiti cha kiberiti wana roho zao.

Rimoti nayo ilitutia ubishi. Sauti ilipanda na kushuka vizuri, TV ilizimika, lakini mishale haikusogeza kitu. Afande jirani akakata kauli: "Rimoti nzima, kifaa ndicho kimekufa." Nami nilikaribia kumwamini. Lakini rimoti hii ina njia mbili: vitufe vya sauti na kuzima hurusha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kwenye TV, mishale huongea na kijiti kwa bluetooth. Moja inaweza kukatika, nyingine ikaendelea kama kawaida. Nikachomoa kijiti dakika moja, nikatoa betri na kuzirudisha, nikashikilia kitufe cha nyumba sekunde 10. Vikashikana.

Mwezi wa nne ikawa kinyume, sauti ndiyo iliyokufa. Hapo nilitumia kamera ya simu: ielekezee ncha ya rimoti, bonyeza sauti, utaona nukta ya zambarau ikimulika. Tumia kamera ya mbele, maana ya nyuma mara nyingi huchuja mwanga huo. Kwangu giza tupu. Nikaweka betri mpya, nukta ikatokea. Zile za bei ya chini nilizonunua barabarani hazikumaliza wiki tatu.

Umeme ukikatika na kurudi, kijiti huamka kabla ya ruta na kulalamika hakuna intaneti. Mnyang'anye mtoto rimoti, ngoja ruta iwake, kisha kizime na kukiwasha tena.

Na kile kiwaya kifupi cha HDMI kilicho ndani ya boksi usikitupe kama mimi. Bila hicho kijiti hubanwa kati ya TV na ukuta, waifai huyumba na joto hupanda. Nilikiokota kwenye ndoo ya takataka, kikiwa kimelowa majimaji ya maganda ya matoke. Kinafanya kazi hadi leo.

Nyota nne. Ya tano ataipata atakayetengeneza rimoti inayolia ukiitafuta.