Honda Fit toleo la 1 hadi la 4: kiti kilekile, giaboksi kila mara mpya

Karibuni tena, wadau. Leo ni Honda Fit. Kwingine inaitwa Jazz, gari ni lilelile, kwa hiyo msigombane huko chini kwenye maoni. Kuna matoleo manne: 2001, 2007, 2013 na 2020. Nguvu za injini na idadi ya mifuko ya hewa sisomi, hizo mnazijua. Twende mlango wa nyuma kwanza, maana gari hili linaanzia huko.

Angalia hapa. Kiti cha nyuma kiko kawaida, watu wanakaa. Shika ukingo wa mbele wa kikalio, pandisha juu. Umeona? Kimesimama wima, kimeegemea mgongo wa kiti, na mguu wake wa chuma umejikunja wenyewe. Sekunde tatu. Sasa kuanzia sakafuni hadi darini una karibu mita 1.28, na mizigo ya buti haijaguswa. Televisheni ndani ya boksi lake inasimama wima, mche mrefu kwenye chungu unasimama, baiskeli iliyofunguliwa gurudumu la mbele inaingia. Jambo moja tu: uwazi wa mlango ni mfupi kuliko dari, kwa hiyo kitu kirefu kiingize kimeinama, kikishavuka ndipo ukisimamishe. Ukilazimisha kuingiza kikiwa wima unachubua mpira wa mlango, halafu unaanza kusikia upepo ukiwa barabarani.

Kurudisha chini ndiko watu wanakoharibu. Wanakiachia kikalio kijiangukie. Usifanye hivyo! Mkono mmoja ushike kikalio, wa pili ukunjue mguu mpaka mwisho, halafu ushushe taratibu hadi mguu ukae kwenye kishimo chake sakafuni. Pakiingia changarawe au sarafu kwenye kishimo hicho, mguu hauketi vizuri, na kila ukipita tuta utasikia kiti kinagonga. Mtu anaenda kubadilisha shokomzoba bure, kumbe ni sarafu.

Subirini, bado sijamaliza na kiti. Namna ya pili ni kulaza. Fungua hapa begani, sukuma mgongo wa kiti mbele. Tazama kikalio: kinazama chenyewe kwenye nafasi ya miguu, na sakafu inakuwa sawa moja kwa moja na buti. Ikibaki imeinuka kama kilima, kuna vitu vitatu vya kukagua. Kiti cha mbele kimerudishwa nyuma mno, kiegemeo cha kichwa hakijashushwa, au kuna zulia nene la miguu linalozuia kikalio kisizame. Mara nyingi ni zulia. Na ukiulaza mgongo wa kiti cha abiria wa mbele pia, unapata urefu wa kama mita 2.4 kwa upande mmoja. Ngazi inaingia, buti linafungwa.

Kwa nini wengine hawawezi? Tangi la mafuta. Kwenye magari mengine madogo ya Kijapani, Vitz, Demio na Note, tangi liko chini ya kiti cha nyuma, ndiyo maana kikalio hakina pa kuzama. Honda walilihamishia chini ya viti vya mbele, katikati ya gari. Mashabiki wa Vitz, najua mmeshaanza kuandika, lakini kwenye hili hamna jibu. Mwaka 2002 Fit iliongoza kwa mauzo nchini Japani, ikaiangusha Corolla iliyokuwa imekaa kileleni miaka 33. Kigari cha mita 3.83! Na tangi halijahama tangu siku hiyo. Urefu umeongezeka kidogo kidogo, 3.90, 3.955, 3.995, lakini kiti ni kilekile.

Kilichobadilika kila mara ni giaboksi, na hapo ndipo pesa ya mnunuzi inapopotelea.

Toleo la kwanza, namba ya GD. Giaboksi ni CVT, mkanda wa chuma kati ya puli mbili, lakini haina toki konveta, kile kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi. Badala yake kuna klachi ya kuanzia mwendo, inayoshika ukiachia breki. Mafuta ya giaboksi yakizeeka, klachi ile inashika kwa kuruka ruka, na gari linatetemeka likiwa linaondoka, kwenye mwendo wa kutembea hadi kama kilomita 20 kwa saa. Fundi wa haraka atakwambia ni maunti za injini, ile mipira inayoishikilia. Anza na mafuta. Ni HMMF, mafuta maalumu ya Honda kwa CVT, siyo mafuta ya giaboksi ya kawaida. Ukifungua nati ya chini hutoka lita 3 na kidogo tu, mengine yanabaki ndani, kwa hiyo yaliyochakaa sana yanahitaji kumwagwa zaidi ya mara moja, na katikati gari liendeshwe. Baada ya hapo kompyuta ifundishwe upya mahali klachi inapoanza kushika. Hatua hii inarukwa sana, halafu mafuta yanalaumiwa. Kama bado inatetemeka baada ya yote hayo, klachi yenyewe imechoka.

Na hii injini ya 1.3 ya i-DSI ina plagi nane. Silinda nne, plagi nane, koili nane. Nne za mbele unazifikia bila shida. Nne za nyuma zimejificha chini ya plastiki ya waipa. Sasa kisa kinajulikana: zinabadilishwa nne za mbele, unalipishwa nane. Dai plagi za zamani zote nane mkononi mwako.

Toleo la pili, GE, 2007. CVT ikapewa toki konveta, na ule mtetemo wa kuondoka ukaisha. Ulaya waliamua kuwapa watu i-Shift, giaboksi ya kawaida inayobadilishwa na kompyuta, ikichelewa kila gia; malalamiko yakawa mengi, mwaka 2011 CVT ikarudishwa. Ukiiona i-Shift, pita. GE ya kawaida isiyo haibridi, yaani isiyo na mota ya umeme, ndiyo ningemwambia mtu anunue akifumba macho. Mafuta bado ni HMMF. Tapeti, yaani nafasi ya vali za injini, hurekebishwa kwa skrubu, injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.19 upande wa kuingiza hewa, 0.26 hadi 0.30 upande wa moshi. Ikilia tik tik tik asubuhi, pimisha kabla hujaambiwa cheni ya taimingi imekwisha.

Haibridi ya GE, ile ya 2010, mota yake ni ya kilowati 10 tu. Inaisaidia injini, haibebi gari. Geji ya betri ikiwa karibu kujaa halafu ikaporomoka ghafla, betri ile imechoka, na muuzaji anayekuomba nyongeza ya bei kwa sababu ya neno haibridi hapati hata senti ya nyongeza.

2013, toleo la tatu, GK. Hapa nina hasira kidogo. Vitufe vya kiyoyozi wakavifanya kioo cha kugusa, unapapasa gizani kama unatafuta njiti ya kiberiti. Hilo la kiyoyozi nawasamehe, la GP5, haibridi yake, ni zito. Ina gia saba na klachi mbili kavu, mota ikiwa ndani ya giaboksi. Hadi Oktoba 2014 ilikuwa imeitwa kurudi kwa marekebisho mara tano, mpaka viongozi wa Honda wakajikata mshahara. Klachi kavu hupoa kwa hewa tu. Kwenye foleni ya mlimani, ukilishikilia gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo, klachi inateleza, inapata joto, na onyo la joto la giaboksi linawaka. Tumia breki, ngoja pengo litokee, kisha ondoka kwa uhakika. Kabla ya kununua, chukua namba ya chesisi, ihakikishwe kwamba programu zote za marekebisho zimewekwa.

Lakini, na hapa mtanicheka, ukiipata GP5 iliyorekebishwa yote, hakuna Fit nyingine inayoondoka kwa raha kama hii. Gia unazisikia. CVT haina utamu huo. Kwa hiyo siyo "usinunue" tena, ni "usinunue bila karatasi". GK ya petroli, isiyo haibridi, ni CVT mpya na inataka mafuta mengine ya Honda, HCF-2. Msichanganye na HMMF.

Toleo la nne, GR, 2020. Kwenye haibridi yake giaboksi wameitupa! Mota ya kilowati 80 ndiyo inasukuma magurudumu, injini ya 1.5 inazalisha umeme, na kwenye mwendo wa kasi klachi moja inaiunganisha injini na magurudumu moja kwa moja. Hakuna mkanda, hakuna gia za kuhesabu. Nguzo za kando ya kioo cha mbele zimekuwa nyembamba, unaona kona yote unapokata. Vitufe vya kuzungusha vya kiyoyozi vimerudi, ahsanteni. Betri iko chini ya buti, kwa hiyo kiti, angalia, kinapanda vilevile.

Kwa GD na GE, kabla hamjaondoka kwa muuzaji, inueni sakafu ya buti, ondoeni tairi la akiba, pitisheni mkono chini kabisa. Maji hupenya kwenye maungio ya bodi na pembeni mwa taa za nyuma, yanatuama pale. Kukiwa na unyevu au kutu, mwagieni maji kwa mpira juu ya taa, mtu mmoja akae ndani na tochi aone yanapoingilia.

Video ijayo ni Honda Vezel ya 2013, nayo tangi liko mahali palepale. Wenye GP5, andikeni hapo chini kama onyo la joto limewahi kuwawakia, na mlikuwa kwenye mlima wa namna gani.