Seti ya tangi la refluksi na pampu zake: tangi zuri, bomba la kufyonza bovu

Seti hii hukusanya refluksi (mvuke wa mnara wa kunereka uliopozwa ukawa kimiminika, ambacho hurudishwa juu ya mnara). Huja ikiwa imefungwa kwenye fremu: tangi, pampu mbili (moja ya akiba) na mabomba. Tangi lenyewe ni zuri. Mdomo wa chini una bamba la kuvunja kisulisuli, hivyo mvuke hauvutwi hadi pampuni.

Tatizo ni kimo. Refluksi iko kwenye kiwango chake cha kuchemka, kwa hiyo presha ya tangi na presha ya mvuke zinafutana. Kinachobaki kuilinda pampu ni kimo cha kimiminika, ukitoa msuguano wa bomba. Hapa kuna mita 2 tu juu ya kitovu cha pampu, na pampu inadai 2.5! Viputo vya mvuke vitapasukia ndani ya impela (gurudumu la pampu linalosukuma kimiminika) na kuila. Mita 4 ndiyo ingekuwa salama.

Kipunguza kipenyo cha bomba la kufyonza, chenye upande mmoja bapa, nacho kimefungwa ubapa ukiwa chini. Kigeuze, ubapa uwe juu, mvuke usijikusanye. Bomba la mtiririko wa kiwango cha chini (linalohakikisha pampu haikosi mtiririko inaoutaka) linarudi tangini, si kwenye bomba la kufyonza: hilo wamelipatia kabisa.

Ukiagiza, dai fremu ndefu zaidi, na geji za presha pande zote mbili za kichujio cha bomba la kufyonza.