Wiki kumi katika studio ya mchoraji ambaye hajaweka brashi chini

Nimemaliza mafunzo ya wiki kumi ya uchoraji na ubunifu yanayoendeshwa na mchoraji mmoja ndani ya studio yake mwenyewe. Nilipokuwa natafuta mahali pa kujifunza sikupata maelezo ya kutosha kutoka kwa mtu aliyewahi kukaa katika darasa la aina hii, ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu kidogo. Nilijiunga nikiwa mtu mzima ambaye hakuwa ameshika brashi tangu utotoni, na nilikwenda nikiwa nimeshaamini kwamba kuchora ni kipaji ambacho ama umezaliwa nacho ama hukukipata.

Sababu kubwa ya kuyapendekeza mafunzo haya ni kwamba mwalimu bado anachora. Turubai zake ambazo hazijakamilika zimeegemezwa ukutani, upande ule ule tunaokaa, na tunaruhusiwa kuzitazama na kuuliza chochote. Wiki ya tatu tulimkuta akikwangua kwa kisu cha rangi picha kubwa ya bonde ambayo tuliikuta pale siku ya kwanza na ambayo wengi wetu tulidhani imekwisha. Hakuiacha kazi ile ili atupokee, bali aliendelea kukwangua huku akitueleza kwamba kivuli cha mbele kilikuwa kizito mno hata kikaufanya mlima wa nyuma uonekane kama umekatwa na kubandikwa, na kwamba alikuwa amejaribu kukirekebisha mara nne kabla ya kukubali kukiondoa. Nilitazama rangi mbichi ikijikusanya kwenye ncha ya kisu, tope la kijani na zambarau, naye akilifuta kwa kitambaa na kurudi tena bila haraka. Mimi ambaye wiki iliyotangulia nilikuwa nimechana karatasi yangu kwa hasira nilirudi mahali pangu nikaanza upya, na tangu siku ile sikuchana karatasi nyingine.

Utaratibu huu wa mchoraji kufundisha huku akiendelea na kazi yake una historia ndefu. Mchoraji Paul Klee alifundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus nchini Ujerumani kuanzia mwaka 1921 hadi 1931, na Wassily Kandinsky akafundisha hapo kuanzia 1922 hadi shule ilipofungwa mwaka 1933, na wote wawili waliendelea kuchora miaka yote hiyo. Josef Albers, aliyeingia Bauhaus kama mwanafunzi na baadaye akawa mwalimu, alihamia Marekani mwaka 1933, akafundisha Black Mountain College na kisha Chuo Kikuu cha Yale. Mwalimu wetu anamtaja Albers mara kwa mara, na zoezi bora la rangi katika mafunzo haya linatokana naye. Kila mmoja hupewa vipande viwili vya karatasi vilivyokatwa kutoka shiti moja ya kijivu, kisha anaweka kimoja juu ya karatasi ya manjano na kingine juu ya karatasi ya buluu iliyokolea. Vipande hivyo huonekana kuwa vya rangi mbili tofauti kabisa. Nilivitoa na kuvirudisha mara kadhaa kwa sababu macho yangu yalikataa kukubali nilichokuwa nakijua.

Hapo ndipo alipotusimulia habari za Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia rangi katika kiwanda cha Gobelins kilichofuma vitambaa vya kutundika ukutani. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu, naye alipochunguza akabaini kwamba tatizo halikuwa katika uzi wenyewe bali katika rangi zilizopakana nao, na mwaka 1839 akachapisha matokeo ya uchunguzi wake. Baada ya simulizi hiyo sikuuliza tena kwa nini nyekundu yangu imepooza bila kwanza kutazama nilichokipaka kando yake.

Kuhusu ubunifu, nilitarajia maneno mengi ya kutia moyo, na kumbe anaufundisha kwa kuweka mipaka. Kwa wiki nne tulichora jagi moja jeupe, mara bila kutazama karatasi, mara kwa mkono usiozoea, mara kwa kuchora tu nafasi tupu iliyo kati ya mkono wa jagi na tumbo lake. Zoezi hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho. Nilipojaribu kuchora mkono wa jagi nilichora ule ninaoujua kichwani, lakini nilipochora ile nafasi, ambayo haina jina na kwa hiyo sikuwa na picha yake, mkono ukatokea wenyewe ukiwa sahihi.

Siku nyingine tuliruhusiwa kutumia samawati iliyokolea iitwayo ultramarini, kahawia ya udongo uliochomwa na nyeupe, basi. Rangi hizo mbili za kwanza zikichanganywa hutoa giza linalokaribia weusi, na ukiongeza nyeupe unapata kijivu cha kila namna, kilichopoa pale samawati inapozidi na chenye joto pale kahawia inapozidi. Nilimaliza saa tatu nzima nikipaka jagi jeupe bila kutumia nyeupe tupu isipokuwa katika doa moja dogo mdomoni mwake, mahali mwanga wa dirisha ulipogusa. Sijawahi kufurahia kazi ya mikono yangu kiasi kile.

Jambo jingine la kusifiwa ni kwamba mwalimu hagusi kazi ya mwanafunzi. Akitaka kuonyesha kosa hutandika karatasi ya plastiki inayoonyesha juu ya picha yako, huchora pendekezo lake hapo, kisha huiondoa na kukuachia uamuzi.

Yapo mapungufu, na moja lilinigharimu. Somo la namna rangi za mafuta zinavyokauka limewekwa wiki ya nane, ilhali tunaanza kuzitumia wiki ya nne. Rangi ya akriliki hukauka maji yake yanapotoweka hewani, lakini mafuta ya kitani yaliyomo ndani ya rangi za mafuta hukauka kwa kufyonza oksijeni, polepole, na ndiyo sababu tabaka la juu halipaswi kuwa na mafuta machache kuliko la chini. Mimi nilifanya kinyume, nikapaka tabaka jepesi lililozimuliwa kwa tapentaini juu ya tabaka nene lenye mafuta mengi, na kabla ya mafunzo kwisha nyufa nyembamba zilikuwa zimeanza kujitokeza. Dakika kumi za maelezo siku ya kwanza ya mafuta zingetosha kuiokoa picha ile.

Pili, tulikuwa watu kumi na wanne, idadi kubwa kwa darasa linalotegemea jicho la mtu mmoja. Muda wa kujadili kazi ulikuwa nusu saa ya mwisho, na waliokuwa wepesi wa kusema ndio walionufaika. Mwenzangu mmoja mkimya alipita wiki mbili mfululizo bila kazi yake kutazamwa, na nadhani angeacha mafunzo katikati kama tusingemsogeza mbele sisi wenyewe. Kipindi cha kuuza kazi kwa njia ya intaneti kilikuwa cha juu juu na sioni kwa nini kimewekwa.

Anayetaka kupata picha nzuri za kutundika ndani ya wiki kumi asijiunge, kwani nyingi kati ya kazi zangu ni za jagi lile lile. Anayetaka kujifunza kutazama, na kumwona kwa karibu mtu ambaye maisha yake yote ni kazi hii, ajiunge, ila aombe mapema maelezo ya rangi za mafuta na achague siku yenye wanafunzi wachache. Picha ya bonde ilikuwa bado ukutani tulipoagana. Mlima ulikuwa umekaa sawa, na sehemu ya mbele ilikuwa turubai tupu yenye mistari michache ya mkaa, ambayo mwalimu alisema ataanza kuipaka kesho yake asubuhi.