Krita au GIMP? Programu ya bure ya kuchora kwenye Linux, tulimalize leo

Haya wadau, leo tulimalize hili swali maana naulizwa karibu kila nikiweka video: nimehamia Linux, nataka kuchora na kurekebisha picha, niinstoli nini na nisilipe hata senti. Nawajibu kwanza halafu nawaonyesha. Kama unaanzia karatasi tupu, chukua Krita. Kama unaanzia picha ambayo imeshapigwa, chukua GIMP. Watu wanahangaika miezi kwa sababu wameshika moja wanailazimisha ifanye kazi ya mwenzake, mwisho wanasema Linux haifai kwa wachoraji, na hilo linaniuma kweli kwa sababu zana zipo na ni nzuri.

Tuanze na Krita, hii hapa. Angalieni nywele za huyu binti ninayemchora, uzi mmoja mrefu kutoka utosini mpaka begani. Huu wa kwanza nimeupiga hivi hivi, mnauona unavyotetemeka pale kwenye mkunjo? Sasa naenda kwenye mipangilio ya zana ya brashi (Tool Options) nawasha ile ya kutuliza mkono, navuta tena... brashi inaifuata kalamu kwa nyuma taratibu, mstari umetoka laini, umekwisha kwa ncha kali. Ni mkono ule ule, sijabadilisha kitu kingine.

Halafu ukibonyeza kitufe cha kulia, duara linatokea pale pale kalamu ilipo, lina brashi unazozipenda na rangi, huna haja ya kupeleka mkono pembeni mwa skrini kila saa. Na hii M kwenye kibodi, jamani M! Unabonyeza mchoro unageuka kama uko kwenye kioo, hapo hapo unaona jicho moja limepanda kuliko lenzake, na ulikuwa umelitazama nusu saa nzima usilione. Mimi nabonyeza M kila baada ya dakika chache, sijui nilikuwa nachoraje nyuso kabla ya hapo.

Kitu kinachowapoteza wageni ni kifutio, wanakitafuta kwenye zana hawakioni. Kwenye Krita unabonyeza E, brashi uliyoshika inageuka kuwa kifutio, bonyeza tena inarudi kuwa brashi. Ukishazoea unaona raha yake, maana kama ulichora wingu kwa brashi yenye chenga unalifuta kwa chenga zile zile, kingo hazikatiki kama zimepitiwa wembe.

Udhaifu wake ni maandishi. Bango lenye maneno mengi usilifanyie Krita, utaumia. Nenda Inkscape, na nembo pia peleka huko, kwa sababu Inkscape inachora kwa vekta, yaani mistari ya hesabu badala ya vidoti, ukiikuza nembo kiasi chochote haipasuki.

Sasa GIMP. Hii ni mzee wa kazi, ilitoka 1996, waliianzisha wanafunzi wawili wa chuo cha Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Miaka mingi tumeilalamikia kitu kimoja, ukishaweka filta (athari kama kutia ukungu) imeshakolea, ukitaka kupunguza baadaye ni kurudi nyuma hatua zote. Toleo la 3.0 la Machi 2025 limebadilisha hilo, filta inakaa juu ya leya (tabaka la picha), unaifungua wakati wowote unapunguza au unaizima. Kwa hiyo kama uliikimbia zamani irudie, ila angalia namba ya toleo kwanza, maana Linux nyingine bado zinakupa 2.10, ukikuta hivyo ichukue kwa Flatpak, njia ya kuinstoli programu inayofanya kazi kwenye Linux karibu zote.

Hii picha ina waya umekatiza angani mpaka kwenye ukingo wa paa. Nabonyeza H, zana ya kuponya, nashika Ctrl nakliki anga safi, napitisha juu ya waya, umepotea. Lakini oneni nikifika kwenye paa, imeanza kuchafua, bluu ya anga inavujia kwenye bati. Ni kwa sababu zana hii inachanganya rangi na za jirani, na ukingoni jirani ni wawili tofauti. Hapo nahamia C, ile ya kunakili, yenyewe inabandika kama ilivyochukua bila kuchanganya chochote. Anga kwa H, ukingo kwa C, nimemaliza.

Na msisahau, kwenye GIMP ukisevu unapata faili la XCF. Ukitaka JPEG lazima ueksporti. Tunza XCF yako, ndiyo yenye leya.

Wenye kompyuta ndogo, sikilizeni hesabu. Leya moja ya pikseli 4000 kwa 4000, rangi za kawaida za biti 8, inakula kama MB 64 za RAM. Leya 20 ni zaidi ya GB 1, na bado hujafungua kitu kingine. Chora kwa ukubwa unaouhitaji, A4 ya kuchapisha ni pikseli 2480 kwa 3508 inatosha kabisa, karibu nusu ya mzigo huo. Ikibana bado, jaribu MyPaint, ni nyepesi, karatasi yake haina mwisho, unachora tu. Wapiga picha wa RAW, yaani picha ghafi za kamera, nyie darktable, hiyo inataka video yake.

La mwisho ni kalamu. Tableti yangu ya kwanza ya kuchorea niliichomeka, nikachora kwenye GIMP, mstari unene ule ule nibonyeze nisibonyeze, nikaamini imekufa, ikakaa kabatini wiki kadhaa. Siku moja nikafungua Krita, nikaingia kwenye mipangilio ya tableti kuna kijaribio, nikagusa, namba za mkandamizo zikaanza kupanda na kushuka. Nilifurahi sana! Kalamu ilikuwa nzima. Kwenye GIMP nilikuwa nimeacha mienendo ya brashi (Dynamics, jinsi brashi inavyoitikia kalamu) imezimwa, nikachagua ile ya mkandamizo kubadilisha ukubwa, nikavuta, mstari ukaanza mwembamba ukanenepa katikati. Kwa hiyo kabla hujarudisha tableti dukani, fungua hicho kijaribio kwanza, namba zikicheza ujue kalamu ni nzima, shida iko kwenye mipangilio ya programu.